Waayaha Cusub: Vijana wa Eastleigh waliowajibu wenye bunduki kwa mashairi

MNAMO Aprili 2010, vituo vya redio jijini Mogadishu vilipokea amri nzito katika nchi inayosifika kwa utunzi. Kundi la Hizbul Islam, ambalo wakati huo liligawana na Al-Shabaab udhibiti wa sehemu kubwa ya jiji, liliwapa wenye redio siku 10 za kuacha kupiga muziki wa aina yoyote. Vituo vingi vilitii, maana aliyekaidi alijua malipo yake. Hata vile vibwagizo vifupi vya kutambulisha taarifa ya habari viliondolewa, na baadhi ya watangazaji wakajaza nafasi iliyobaki kwa milio ya risasi, ngurumo za magari na sauti za wanyama.

Mwaka huo huo, ng'ambo ya mpaka katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, kundi la vijana lilikuwa likirekodi nyimbo za kulilaani Al-Shabaab kwa jina. Nyimbo hizo ziliimbwa kwa Kisomali, kwa mtindo wa rapu, yaani muziki wa kufokafoka, na kugawiwa bure mitaani. Kundi lenyewe liliitwa Waayaha Cusub. Kiongozi wake, Shiine Akhyaar Ali, alikuwa amekwisha kupigwa risasi na watu wenye silaha jijini humo akanusurika kifo.

Kisa cha Shiine na wenzake kimesimuliwa mara nyingi na waandishi wa ng'ambo kama kioja: vijana Wasomali, tena wakimbizi, wanaofoka kama Wamarekani weusi. Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera ana sababu ya kukitazama kwa jicho jingine. Kisa hiki kinahusu lugha yake na vijana wake. Kinahusu pia swali ambalo limeisumbua Kaskazini Mashariki kwa zaidi ya mwongo mmoja: nani anayeshika sikio la kijana kabla mwenye bunduki hajalishika?

MWANZO WA ENZI MPYA

Shiine Akhyaar alizaliwa Somalia na kuingia Kenya akiwa bado mtoto, akikimbia vita vilivyozuka baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991. Kama maelfu ya wenzake, alifikia Eastleigh. Mnamo 2004, yeye pamoja na vijana wengine waliunda kundi na kuliita Waayaha Cusub. Maana yake ni "enzi mpya". Herufi "c" katika neno la pili husomwa kama ain ya Kiarabu, ndiyo maana wengi wasiojua Kisomali hulikosea jina hilo.

Kundi lilikusanya wanaume na wanawake, wengi wao wakiwa wa asili ya Kisomali, lakini pia vijana kutoka mataifa jirani. Kuwaweka wasichana na wavulana kwenye jukwaa moja kulitosha kuzua manung'uniko miongoni mwa wazee. Wasichana wa kundi, akiwemo Falis Abdi Mohamud, walivumilia matusi na vitisho ambavyo wenzao wa kiume hawakuvijua, kwa kuwa mwanamke aliyepanda jukwaani alihukumiwa kwanza kwa mavazi yake na baadaye kwa maneno yake.

Hapo mwanzo hawakuimba siasa pekee. Waliimba mapenzi, Ukimwi na ubaya wa kubaguana kwa misingi ya koo. Kwa jamii iliyozoea kuyanong'ona mambo ya Ukimwi nyuma ya pazia, huo ulikuwa ujasiri. Kwa jamii ambayo vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe vilipiganwa kwa misingi ya koo, kuukemea ukoo hadharani ulikuwa ujasiri mkubwa zaidi.

KWA NINI EASTLEIGH?

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa lugha ni Kisomali na wasikilizaji wamejaa kutoka Garissa hadi Mandera, kwa nini sauti hii haikuchipuka Garissa kwenyewe, mji mkuu wa eneo hilo, ulio takribani kilomita 370 kutoka Nairobi? Jibu limo katika historia, na sehemu ya historia hiyo imo katika jina la jengo moja.

Duka kubwa lililoanzisha mageuzi ya biashara ya Eastleigh mwanzoni mwa miaka ya 1990 liliitwa Garissa Lodge. Lilikuwa nyumba ya wageni. Wakimbizi waliopanga vyumba humo walianza kuuzia bidhaa vyumbani, nguo na vitambaa vikitandazwa juu ya vitanda, hadi vyumba vikawa maduka na nyumba ikawa soko. Kutoka hapo yaliota majumba ya biashara mengine kwa makumi, na Eastleigh ikawa soko linalotegemewa na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki nzima. Fedha, wateja na watu wa kila kabila walikutana huko. Ndiko mtu angeweza kununua kipaza sauti, kukodi saa mbili za studio, na kuwauzia wenye maduka nakala za kazi yake.

Ujirani nao ulichangia. Hatua chache kutoka Eastleigh uko mtaa wa California, ambao umelipa jina lebo ya Calif Records iliyoanzishwa mnamo 2000 na mtayarishaji Clemo pamoja na mwimbaji Jua Cali, na ambako mtindo wa genge ulipata umbo. Upande wa Dandora, kundi la Kalamashaka lilikuwa limekwisha kuonyesha, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwamba rapu inaweza kuimbwa kwa Kiswahili cha mtaani ikabeba machungu ya mtaa. Kijana Msomali wa Eastleigh alikulia katikati ya sauti hizo. Alichofanya ni kuuliza: kama Kiswahili kinaweza, Kisomali kitashindwaje?

Garissa, kwa upande wake, ilikuwa imeelemewa na mzigo wa aina nyingine. Eneo lililoitwa na wakoloni Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini liliingia katika uhuru wa Kenya shingo upande, baada ya tume ya mwaka 1962 kubaini kwamba Wasomali wengi wa huko walitaka kuungana na Somalia. Vikafuata vita vya Shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, kisha sheria ya hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi 1991. Katika kipindi hicho yalitokea maafa ya Garissa ya Novemba 1980, ambayo wenyeji huyakumbuka kwa jina la mtaa wa Bulla Kartasi, na yale ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Eneo lililoishi kwa karibu miongo mitatu chini ya sheria ya namna hiyo halikutazamiwa kuwa na kumbi za burudani wala studio za kurekodia. Mikusanyiko ya vijana usiku ilikuwa jambo la kutiliwa shaka, sembuse ya vijana wenye vipaza sauti.

Hata hivyo, ukosefu wa studio haukuwa ukosefu wa sanaa. Hapa ndipo wengi waandikao juu ya rapu ya Kisomali hupotelea.

LUGHA YA WATUNZI

Msafiri Mwingereza Richard Burton, katika kitabu alichochapisha mwaka 1856, alishangazwa na wingi wa washairi katika nchi ya Wasomali. Hakukosea. Kwa mchungaji wa ngamia, ambaye hakubeba vitabu wala picha, shairi lilikuwa gazeti, hati ya mkataba, barua ya posa na tamko la vita. Lugha yenyewe haikupata maandishi rasmi ya Kilatini hadi Oktoba 1972. Kabla ya hapo, kilichotaka kuishi kilibidi kihifadhiwe kichwani, na ili kihifadhike kilibidi kitungwe kwa ustadi.

Msomaji wa Kiswahili anajua kuwa shairi letu la jadi hushikiliwa na vina na mizani, na kwamba vina aghalabu huwa mwishoni mwa vipande. Shairi la Kisomali nalo lina mizani yake kali, lakini kina chake kiko mwanzoni mwa neno. Mtunzi huchagua sauti moja, tuseme "d", na kila mstari lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho wake. Katika gabay, utanzu wenye heshima kuliko zote, kanuni hiyo hubana kila nusu ya mstari. Shairi la mistari 100 linamtaka mtunzi awe na maneno 200 ya sauti moja yaliyokaa mahali pake bila kulazimishwa. Wanawake nao wana utanzu wao, buraanbur, ambao hadi leo huimbwa arusini na katika mikutano ya hadhara kutoka Mandera hadi Minnesota.

Sasa mtazame mfokaji wa rapu. Kazi yake ni kulundika sauti zinazofanana juu ya mdundo usiobadilika, kumjibu mpinzani kwa ufundi zaidi ya aliotumia mpinzani huyo, na kutaja mambo kwa majina yake. Kijana aliyelelewa na bibi anayejua buraanbur alipoisikia rapu hakukutana na kitu kigeni kabisa. Alikutana na ngoma mpya chini ya kazi aliyoifahamu.

Wala matumizi ya shairi kuwakabili wakubwa hayakuanza Eastleigh. Sayyid Mohamed Abdulle Hassan, aliyewapiga vita Waingereza hadi kufa kwake mwaka 1920, alihofiwa kwa mashairi yake karibu sawa na alivyohofiwa kwa wapiganaji wake. Mnamo 1979, mshairi Mohamed Hashi Dhama, maarufu kama Gaarriye, alitunga shairi la kukemea ukabila lililofungwa kwa sauti ya "d". Mohamed Ibrahim Warsame, aitwaye Hadraawi, ambaye alikuwa ametoka kifungoni mwaka mmoja tu kabla, akajibu kwa sauti hiyo hiyo, na makumi ya washairi wengine wakaingia uwanjani. Mlolongo huo, unaoitwa Deelley, haukuhitaji ruhusa ya redio ya serikali. Ulirekodiwa kwenye kanda, kanda zikanakiliwa, nakala zikanakiliwa tena, zikasafiri ndani ya malori na mifuko ya wachuuzi.

Mwenye kuijua habari hiyo hatashangaa akisikia kwamba Waayaha Cusub waligawa nyimbo zao mkono kwa mkono. Walikuwa wakifuata njia ya zamani. Kilichobadilika ni chombo tu: kanda ikawa CD, CD ikawa faili ndani ya simu.

GHARAMA YA MANENO

Mwaka 2006, mabaraza ya mahakama za Kiislamu yalitwaa Mogadishu, kisha majeshi ya Ethiopia yakaingia mwishoni mwa mwaka huo. Katika vurugu zilizofuata, Al-Shabaab, lililokuwa tawi la vijana la mahakama hizo, lilijitenga na kuwa jeshi kamili. Mawakala wake walitafuta wapiganaji na fedha hadi ndani ya Eastleigh. Waayaha Cusub, ambao walikuwa wakiimba dhidi ya wababe wa kivita na dhidi ya kuwaghilibu vijana kwa jina la dini, sasa walijikuta na adui aliyekuwa mtaa mmoja nao.

Simu za vitisho zilianza. Kisha risasi. Shiine alivamiwa na watu wenye silaha na kuachwa wakidhani wamemmaliza. Alipopona, jambo la busara lingekuwa kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Baadhi ya wanakundi waliondoka kwa kuhofia maisha yao na ya jamaa zao. Waliobaki walitoa mkusanyiko wa nyimbo za kulipinga Al-Shabaab waziwazi, wakachapisha nakala kwa maelfu na kuzigawa bila malipo, wakijua kwamba kila nakala ilikuwa na majina yao.

Hapa inafaa tupime uzito wa kitendo hicho. Serikali za Magharibi zilikuwa zikitumia fedha nyingi kuandaa matangazo ya kuwaonya vijana dhidi ya itikadi kali. Matangazo hayo yalisemwa na watu ambao kijana hawajui, kwa lugha ya ofisini. Wimbo wa Shiine ulisemwa na mtu aliyekimbia vita vile vile, aliyeishi chumba cha kupanga kama yeye, na aliyekuwa na kovu la risasi.

MFOKAJI WA ALABAMA

Wenye bunduki nao waliijua nguvu ya mashairi, tena vizuri. Ahmed Abdi Godane, kiongozi wa Al-Shabaab aliyeuawa katika shambulio la ndege za Marekani Septemba 2014, alifahamika kuwa mpenzi wa ushairi. Na kundi hilo lililofurahia kuona redio za Mogadishu zikinyimwa muziki lilikuwa na mfokaji wake wa rapu.

Huyo alikuwa Omar Hammami, kijana aliyezaliwa mwaka 1984 na kukulia katika mji mdogo wa Daphne, jimboni Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji Mwislamu kutoka Syria, mama yake Mmarekani mzungu wa Kanisa la Baptisti. Alisoma katika Chuo Kikuu cha South Alabama, akaongoza chama cha wanafunzi Waislamu, akahamia Toronto, kisha Cairo, na kufikia mwisho wa 2006 alikuwa ndani ya Somalia. Huko alijulikana kama Abu Mansoor Al-Amriki. Kuanzia mwaka 2009, video na nyimbo za Kiingereza zenye sauti yake zilienea kwenye intaneti, zikifoka sifa za vita na kifo mbele ya vijana wa Minneapolis, London na Nairobi.

Kwa vigezo vya fani, Hammami hakuwa hodari. Mashabiki wa muziki huo walimcheka. Lakini waliomtuma hawakuhitaji tuzo. Walitaka kijana mpweke mbele ya kompyuta ajisikie kwamba vita hivyo vinasema lugha yake na kuvaa mavazi ya muziki anaoupenda. Kwa hiyo muziki ulikuwa haramu kwa mwenye redio wa Mogadishu, na chambo halali kwa kijana wa ng'ambo. Undumakuwili huo ndio ambao nyimbo za Eastleigh zililenga kuufichua.

Mwisho wa Hammami unasema mengi. Alitofautiana na viongozi wake, na Machi 2012 akatoa video akilalamika kuwa maisha yake yako hatarini kutoka kwa wenzake mwenyewe. Serikali ya Marekani iliahidi hadi dola milioni 5 kwa habari za kumpata. Haikulazimika kuzilipa. Septemba 2013, waliomwalika ndio waliomuua.

Kuna upande wa pili wa kulinganisha. Marekani ya Kusini alikotoka Hammami iliwahi kudharauliwa katika ulimwengu wa rapu kama Kaskazini Mashariki inavyodharauliwa katika muziki wa Kenya. New York na California ndizo zilizohesabiwa. Mwaka 1995, kundi la Outkast la Atlanta lilipopokea tuzo jijini New York, lilizomewa. Wasanii wa Kusini hawakungoja kukubaliwa. DJ Screw wa Houston aliuza kanda alizozitengeneza nyumbani kwake, na Master P wa New Orleans akajenga kampuni nzima kwa kuuza kazi zake mwenyewe pasi na kuyategemea makampuni makubwa. Miaka michache baadaye Kusini ndiyo ikawa inaongoza. Somo ni kwamba eneo la pembezoni likipata vyombo vyake na soko lake, halihitaji tena kuomba nafasi mjini.

TAMASHA LA MOGADISHU

Machi 2013, Waayaha Cusub walifanya jambo ambalo miaka mitatu kabla lingeonekana wazimu. Al-Shabaab walikuwa wameondoka katikati ya Mogadishu Agosti 2011, lakini mabomu yalikuwa hayajaondoka. Shiine na wenzake, wakisaidiwa na marafiki kutoka Uingereza na Marekani, waliandaa tamasha la maridhiano katika jiji hilo, lililotajwa kuwa la kwanza la aina yake kwa zaidi ya miaka 20. Tarehe 18 ya mwezi huo huo, gari lililotegwa bomu liliua watu karibu na ikulu. Tamasha halikuvunjwa.

Wasanii wa Somalia walikuwa wakilipa kwa damu. Mchekeshaji Abdi Jeylani Marshale aliuawa kwa risasi Mogadishu mwishoni mwa Julai 2012. Oktoba mwaka huo akauawa Warsame Shire Awale, mshairi na mwanamuziki mkongwe aliyewakosoa wanamgambo redioni. Julai 2014 ilikuwa zamu ya Saado Ali Warsame, mwimbaji mashuhuri aliyekuwa mbunge. Orodha hiyo inaeleza, kuliko hoja yoyote, kama maneno ya wasanii yalikuwa na uzito au la. Hakuna apotezaye risasi kwa kinachopuuzika.

KATI YA MOTO MIWILI

Huku Kenya, mambo yalizidi kuwa magumu. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011. Garissa ikawa uwanja wa mashambulizi ya kulipiza kisasi, yakiwemo ya makanisa mnamo Julai 1, 2012. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jumba la Westgate. Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch ilikumba Eastleigh. Maelfu walikamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakimbizi kwa raia, wenye hatia kwa wasio na hatia. Kijana Msomali aliyekuwa akiimba dhidi ya Al-Shabaab alijikuta akitishwa na Al-Shabaab asubuhi na kudaiwa kitambulisho na polisi jioni.

Kisha ikaja Aprili 2, 2015. Wavamizi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa wavamizi alikuwemo Mkenya aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu kutoka Mandera.

Habari hiyo iliwatikisa wengi kwa sababu ilivunja maelezo yaliyozoeleka. Tumeambiwa kwamba kijana hujiunga na makundi hayo kwa sababu ya umaskini na kukosa elimu. Umaskini upo, na hakuna anayeishi Garissa au katika kambi za Dadaab anayehitaji kuelezwa. Lakini mhitimu wa sheria hakukosa elimu wala hakulala njaa. Mtu wa namna hiyo hupotezwa na simulizi, hadithi inayomweleza yeye ni nani, adui yake ni nani, na afe kwa ajili ya nini. Simulizi haipigwi kwa bunduki. Hujibiwa kwa simulizi nyingine, iliyotungwa vizuri zaidi, na mtu anayeaminika zaidi.

Inafaa kukiri mipaka ya hoja hii. Waayaha Cusub hawakulishinda Al-Shabaab, na hakuna awezaye kuhesabu ni vijana wangapi walibadili nia kwa kusikia wimbo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba walivunja ukimya. Kabla yao, aliyelipinga kundi hilo ndani ya Eastleigh alilipinga chumbani mwake.

KILICHO MIKONONI MWETU

Tangu mwaka 2013, Katiba imeziachia serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Hilo limo katika Jedwali la Nne, na halina utata. Garissa, Wajir na Mandera kwa hiyo hazina tena sababu ya kungoja Nairobi. Chumba kimoja chenye kompyuta, kipaza sauti na kuta zilizozuiwa mwangwi hakilingani na gharama ya gari moja la afisa wa kaunti. Dadaab, kambi iliyoanzishwa 1991 kwa watu wapatao 90,000 na iliyowahi kufikia karibu nusu milioni wakati wa njaa ya 2011, ina vijana waliozaliwa na kukomaa humo, wanaotunga kwa Kisomali, Kiswahili na Kiingereza bila kupepesa macho.

Pingamizi moja linastahili heshima. Wapo wazee na masheikh, wasio na uhusiano wowote na wanamgambo, ambao hawapendi ala za muziki kwa imani yao. Kuwakejeli ni kosa, na tena ni kuwapa wenye bunduki washirika wasiowastahili. Lakini jamii hii ina jibu ndani ya kabati lake. Gabay haina ngoma wala gitaa. Hughaniwa kwa sauti tupu, na masheikh wenyewe wameitumia kwa karne nyingi, Sayyid akiwa mmojawapo. Kijana anayetaka kufoka anaweza kufoka bila ala, mbele ya mzee anayejua kanuni za sauti na mizani, naye mzee akamsahihisha. Mashindano ya namna hiyo, yakifanyika kila mwaka kando ya Mto Tana, yangewakutanisha watu wa rika mbili ambao kwa sasa hawasikilizani.

Mohamed Ibrahim Warsame, yule Hadraawi wa Deelley, alifariki Agosti 2022 akiomboloezwa na Wasomali wa kila upande wa mpaka, kila ukoo na kila rika. Hakuacha jeshi wala mali. Aliacha maneno, na yanajulikana kwa moyo na watu ambao hawakuwahi kumwona. Shiine Akhyaar na wenzake wa Eastleigh walichukua sehemu ndogo ya urithi huo wakaivika mdundo wa zama zao, na waliulinda kwa miili yao. Kaskazini Mashariki ina warithi wengi wa namna hiyo ambao hawajapewa kipaza sauti. Wenye bunduki wanawajua tayari, na hawajaacha kuwatafuta.